Peer Work ya Moodle: kikokotoo kizuri cha alama za kikundi, mipangilio yenye mitego

Kazi ya kikundi kwenye kozi ya mtandaoni ina ugomvi wake unaojulikana. Ripoti ni moja, alama ni 70 kwa wote wanne, kisha malalamiko yanaanza. Mmoja anasema aliwabeba wenzake tangu mwanzo. Mwingine anasema hakuna aliyemwambia kikao kilikuwa lini. Mkufunzi hana la kuamua, kwa sababu kilichomfikia ni faili tu. Peer Work inajaribu kulimaliza hili kwa kuwauliza wanakikundi wenyewe nani alifanya nini, kisha kuyageuza majibu yao kuwa alama ya kila mtu.

Ni programu-jalizi (nyongeza) ya bure ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni. Haiji na Moodle yenyewe, kwa hiyo usipoiona kwenye orodha ya shughuli, mwombe msimamizi wa mfumo aisakinishe. Kikundi kinapakia kazi moja, kila mwanakikundi anawapa wenzake alama kwa vigezo ulivyoweka, mkufunzi anatoa alama ya kikundi, na kikokotoo kinamaliza kazi. Kanuni yake ni ya WebPA, mfumo wa msimbo huria (open source) uliotokea Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza.

Kwa kikundi cha watu 4 au 5 chenye mipangilio sahihi, hatujaona cha bure kinachoishinda ndani ya Moodle. Kwa watu 3 ni ya kutumia kwa tahadhari kubwa. Kwa watu 2 haina faida yoyote. Na kuna swichi mbili ambazo ukizikosea, mtegeaji ndiye anayenufaika.

Kikokotoo kinavyogawa

Mtu akishawapa wenzake alama, kila alama inagawanywa kwa jumla ya alama zote alizotoa yeye. Kwa hiyo kila mmoja, awe mkarimu au mbahili wa alama, anabaki na 1 nzima ya kugawia wengine. Vipande ambavyo mtu amepokea kutoka kwa wenzake vinajumlishwa, na hiyo jumla ndiyo mgawo wake. Wastani wa migawo ndani ya kikundi siku zote ni 1: aliye juu ya 1 anapanda, aliye chini anashuka.

Chukua kikundi cha A, B, C na D, kigezo kimoja, kipimo cha 0 hadi 5, hakuna kujipa alama mwenyewe. A anampa B 4, C 4, D 1. B anampa A 5, C 4, D 1. C anampa A 5, B 4, D 2. D hakufanya kazi na hataki ugomvi, anawapa wote 4. Migawo inatoka hivi: A 1.29, B 1.14, C 1.18, D 0.39.

Hapo ndipo uzito unapoingia. Ukiweka asilimia 50, nusu ya alama ya kikundi ni ya kila mtu bila masharti, na nusu nyingine inazidishwa kwa mgawo. Kazi ikiwa imepata 70, A anaondoka na 80.1, B 74.9, C 76.2, D 48.8. Ukipandisha uzito hadi asilimia 100, A anafika 90.2 na D anaporomoka hadi 27.5. Uzito huu ndio uamuzi mzito kuliko yote kwenye ukurasa wa mipangilio, na wengi huupita bila kuusoma. Sisi tunapendekeza asilimia 50 kwa kozi ya kawaida. Mia nzima ina maana kwamba wanafunzi ndio wanaotoa alama na mkufunzi anathibitisha tu, jambo ambalo ni gumu kulitetea rufaa ikija.

Jambo moja la kukumbuka kila unapotazama migawo hiyo: ni ya kulinganisha, si ya kupima. Kikundi cha watu wanne waliojituma sana na kikundi cha watu wanne waliotegea kwa pamoja vyote vitatoa migawo ya 1, 1, 1, 1. Ubora wa kazi unabebwa na alama ya kikundi peke yake. Kwa uzito wa asilimia 50, mgawo wa 1.29 kwenye kikundi dhaifu kilichopata 45 unampa mhusika 51.5 tu, hata kama kazi nzuri yote iliyoonekana ni yake. Kikokotoo hakiwezi kumwokoa mwanafunzi bora aliyepangwa na wategeaji watatu. Hilo linatatuliwa wakati wa kupanga vikundi, au kwa mkono wa mkufunzi.

Mtego wa kwanza: asiyejaza fomu

Turudi kwa D. Alijaza fomu akapata 48.8. Je, asingejaza? Kikokotoo kinaona waliojaza ni 3 kati ya 4, kwa hiyo kinazidisha migawo yote kwa 4 gawanya kwa 3 ili wastani urudi kuwa 1. Mgawo wa D unapanda kutoka 0.39 hadi 0.52, na alama yake inakuwa 53.3. Amepata nyongeza ya alama 4.5 kwa kutofungua hata fomu. A, aliyebeba kazi, anashuka hadi 79.5.

Sababu ni nyepesi. Mtu akijaza fomu bila kujipa alama, 1 yake yote inaenda kwa wenzake. Asipojaza, ile 1 inafidiwa na kuenea kwa wote, yeye mwenyewe akiwemo. Kwa hiyo kukaa kimya kunalipa, na kunamlipa zaidi yule aliyefanya kidogo.

Dawa imo ndani ya programu: sehemu ya adhabu kwa asiyewapa wenzake alama. Ikiwekwa asilimia 10 ya alama ya mwisho, 53.3 ya D inakuwa 48.0, chini kidogo ya ile ambayo angepata kama angejaza. Kumbe asilimia 10 inatosha tu kufuta faida yake. Ukitaka adhabu iume, weka 15 au 20, na uitangaze wiki ya kwanza ya kozi pamoja na tarehe ya mwisho ya kujaza. Adhabu isiyotangazwa huzaa rufaa kuliko inavyozaa nidhamu.

Mtego wa pili: kujipa alama mwenyewe

Peer Work ina swichi ya kumruhusu mwanafunzi ajipime pamoja na wenzake. Inasikika kama jambo la busara, tafakari na kadhalika. Kwa hesabu za alama, izime.

Chukua namba zilezile za mwanzo, kisha A, B na C wajipe 4 kila mmoja. D anajipa 5 na wenzake bado anawapa 4. Mgawo wa D unatoka 0.39 hadi 0.58 na alama yake inakuwa 55.2. A anashuka kutoka 80.1 hadi 78.2. Na huyo D bado ni muungwana. D mjanja atajipa 5 na kuwapa wenzake 1 kila mmoja: mgawo wake unaruka hadi 0.91, alama 66.7, karibu sawa na 70 ya kikundi, ingawa wenzake watatu wote wamesema alifanya kidogo sana. Fomu moja yenye hila imefuta ushahidi wa watu watatu. A naye anabaki na 74.3.

Unachotaka kutoka kwa kujipima ni taarifa, yaani kuona nani anajiona tofauti na wenzake wanavyomwona. Hiyo ichukue kwenye dodoso la pembeni lisilo na alama.

Ukubwa wa kikundi si suala la ladha

Kwa watu 2 bila kujipima, kila mmoja ana mtu mmoja tu wa kumpa alama. Ampe 5 au ampe 1, ikigawanywa kwa jumla inatoka 1 ileile. Migawo itakuwa 1 na 1 hata mmoja angekuwa ametoweka muhula mzima. Usiiwashe kabisa.

Kwa watu 3 hatari ni nyingine. Wawili wakipatana, kila mmoja akampa mwenzake 5 na wa tatu 1, wale wawili wanapata 1.33 kila mmoja na wa tatu 0.33. Mlengwa hana pa kujitetea: chochote atakachoandika, 1 yake inagawanywa kati ya haohao wawili. Anaweza kumnyanyua mmoja kwa kumshusha mwingine, basi. Kuanzia watu 4 njama inahitaji watu watatu, na kuanzia 5 inakuwa ngumu zaidi kuipanga bila kuonekana. Zaidi ya 6 shida inahamia kwingine, kwa sababu kwenye kazi ya mtandaoni mtu hajui nusu ya wenzake walifanya nini, na anajaza fomu kwa kukisia.

Vigezo na kipimo

Kanuni inalainisha tofauti ya mkarimu na mbahili, lakini si yote. Mkarimu anayetoa 5, 5, 4 anampa wa mwisho kipande cha 0.29. Mbahili anayetoa 2, 2, 1 anampa 0.20. Wote wametofautisha kwa alama moja tu, lakini ya mbahili inaumiza zaidi. Ndiyo maana kipimo cha namba tupu hakifai. Kila ngazi iandikiwe tabia inayoonekana. Badala ya "3 = wastani", andika "alikamilisha sehemu yake, lakini baada ya tarehe tuliyokubaliana, na ilibidi akumbushwe". Mtu akisoma sentensi hiyo hawezi kuvuta namba ya kirafiki kirahisi hivyo.

Vigezo 3 hadi 5 vinatosha. Vikizidi, wanafunzi wanabonyeza safu moja kutoka juu hadi chini. Kigezo cha "kuhudhuria vikao" kina udhalimu wa kimya kwenye kozi za mtandaoni: anayeishi saa nyingine za dunia, mwenye intaneti ya kukatikakatika au anayefanya kazi usiku atapigwa hapo hata kama sehemu yake aliileta kwa wakati. Afadhali kigezo cha "alijibu ndani ya muda tuliokubaliana" na kingine cha "alichokabidhi kilitumika bila kuandikwa upya".

Peer Work inakuruhusu pia kudai maelezo ya maandishi kwa kila alama, na kuchagua kama wenzao watayaona yakiwa na majina, bila majina, au hawatayaona kabisa. Daima washa maelezo. Yafiche wenzao wasiyaone. Kwenye kikundi cha watu 4, "bila majina" ni mapambo tu, mtu anatambua mwandiko wa mwenzake kwa sentensi moja. Maelezo haya ndiyo yatakayokufaa rufaa ikija: "D alikabidhi sehemu ya pili tarehe 14 badala ya 7 na ilikuwa na aya mbili" ni kitu unachoweza kwenda kukihakiki. "Hana ushirikiano" si kitu.

Kuhakiki kabla ya kuachia alama

Alama za mwisho hazimfikii mwanafunzi mpaka uziachie, na hapa programu imefanya vizuri sana: una nafasi ya kukagua na kubadilisha kwa mkono. Tumia nafasi hiyo. Kila mwenye mgawo chini ya 0.75 au juu ya 1.25 afunguliwe na kusomwa maelezo yake. Tafuta pia fomu ambayo haifanani na nyingine zote ndani ya kikundi, kwa mfano watatu wamempa mtu 4 na mmoja amempa 0. Hiyo ni ama kisasi, ama mmoja aliyeona jambo ambalo wengine hawakuliona.

Ushahidi wa nje upatikane kwenye hati yenyewe. Kama kikundi kiliandika kwenye Google Docs, historia ya matoleo inaonyesha nani aliandika nini na lini. Lakini dai haki ya kuhariri, kwa sababu mwenye ruhusa ya kutazama tu haioni historia. Wakikuletea nakala, historia ya hati ya asili haimo ndani yake. Aliyehariri kupitia kiungo bila kuingia kwenye akaunti anaonekana kama mtu asiyejulikana. Na maandishi yaliyobandikwa yanahesabiwa kuwa ya aliyebandika, kwa hiyo mhariri wa mwisho anayekusanya vipande vya wenzake ataonekana kana kwamba aliandika ripoti nzima. Idadi ya maneno kwenye historia isitumike kama alama. Itumike kuthibitisha au kukanusha dai mahususi.

Suala la alama kuvuka 100 liamuliwe mapema. Kazi ya 92 yenye uzito wa asilimia 50 na mgawo wa 1.29 inazaa 105. Kama kiwango cha juu ni 100, ziada inapotea, na A wa kikundi kizuri anapata nyongeza ndogo kuliko A wa kikundi cha kati. Si kosa la programu, ila mwanafunzi atauliza.

Zilizo jirani yake

TEAMMATES, ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, ni ya bure na haihitaji Moodle. Unabandika orodha kutoka kwenye lahajedwali, yaani kikundi, jina na barua pepe, na kila mwanafunzi anatumiwa kiungo chake bila kulazimika kufungua akaunti. Swali lake la mchango ni zuri kuliko kipimo chochote cha 0 hadi 5: mwanafunzi anaulizwa kama mwenzake alifanya fungu sawa, fungu sawa na asilimia 10 zaidi, asilimia 20 pungufu, na kuendelea. Anajaza pia fungu lake mwenyewe, lakini dai lake linaonyeshwa pembeni na haliingii kwenye mchango unaohesabiwa na wenzake. Hivyo ndivyo kujipima kunavyopaswa kushughulikiwa. Kasoro yake ni kwamba haikupi alama ya mwisho. Unapakua matokeo na kuzidisha mwenyewe. Tena barua pepe za wanafunzi zinatoka nje ya mfumo wa chuo, kwa hiyo uliza kwanza kama sera ya faragha inaruhusu. Viungo vikiangukia kwenye taka za barua pepe, utawatafuta wanafunzi mmoja mmoja.

CATME, kutoka Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ndiyo yenye fomu iliyofikiriwa zaidi. Ina vipengele 5: mchango kwenye kazi, ushirikiano na wenzake, kukiweka kikundi kwenye mstari, kudai ubora, na kuwa na maarifa yanayohitajika. Kila ngazi ina maelezo ya tabia. Inainua bendera yenyewe, yaani inatoa tahadhari kwa mkufunzi, inapoona mtu anayejikweza, anayejishusha, kundi lililogawanyika ndani kwa ndani, au mgogoro wa watu wawili. Ni ya kulipia. Kwa mkufunzi mwenye vikundi 6 bendera hizo utaziona kwa macho, lakini mwenye vikundi 60 atazithamini.

Kuna wanaotumia shughuli ya Workshop iliyomo ndani ya Moodle kwa kazi hii. Hapana. Workshop ni ya mwanafunzi mmoja mmoja kupakia kazi yake na kupima za wengine, na alama zake za kuanzia, 80 za kazi na 20 za upimaji, zinapima ubora wa kazi na ubora wa upimaji. Nani alitegea haimo.

Ile shughuli ya kawaida ya Moodle ya kukabidhi kazi (Assignment) inafaa kama hutaki upimaji wa wenzao kabisa. Iwekee sharti la kuwa kwenye kikundi kabla ya kukabidhi, la sivyo wote wasio na kikundi wanahesabiwa kikundi kimoja na watakabidhi juu ya kazi za wenzao. Ukitaka kumpa mmoja alama tofauti wakati wa kusahihisha, zima ile sehemu ya kutumia alama kwa kikundi chote kabla ya kuhifadhi. Ukisahau, 30 ya mtegeaji inawapata wote wanne.

Mipangilio tunayoipendekeza

Vikundi vya watu 4 au 5 vilivyofungwa kabla shughuli haijafunguliwa. Mwanafunzi asiwe kwenye vikundi viwili vya shughuli hiyo moja, na asihamishwe baada ya kazi kupakiwa. Uzito asilimia 50, kujipima kumezimwa, adhabu ya kutojaza asilimia 15, maelezo ya lazima na yaliyofichwa. Fungua shughuli mbili zenye fomu ileile: ya kwanza katikati ya mradi, isiyo na alama, ili anayeteleza ajue mapema na mkufunzi aingilie kati; ya pili mwishoni, yenye alama. Ile ya katikati ndiyo inayopunguza rufaa, maana mtu aliyeambiwa wiki ya 4 kwamba wenzake hawamwoni hawezi kushangaa wiki ya 8.

Aliyeacha kozi katikati aondolewe kwenye kikundi kabla ya fomu ya mwisho kufunguliwa. Akibaki humo akiwa na mgawo wa 0.1, zile 0.9 alizokosa zinagawanywa kwa waliobaki, na kikundi kizima kinapanda alama kwa sababu tu mmoja wao alijiondoa.